Kikohozi cha Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilimfahamu kwa kikohozi. Alikohoa mara mbili, ya kwanza kavu na ya pili ya kuvuta, na mimi nikikisikia niliacha ndoo, niliacha mwiko, nikaingia migombani mpaka apite. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Alikohoa ili nipate muda wa kujificha. Miaka yote niliyokaa kwao Masukulu sikuwahi kuuona uso wake, wala yeye hakuwahi kuuona wangu, ingawa moshi wa jiko langu uliingia nyumbani kwake, na mbalaga niliyopika, zile ndizi zetu za kuchemsha na maharage, aliila karibu kila siku. Ikimpendeza aliisifu kwa sauti kubwa kupita kiasi, ili nisikie upande wa pili wa ukuta.

Watu wasiotoka kwetu wakisikia hivi hudhani tulikuwa na ugomvi. Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja, na kadiri wanavyoheshimiana ndivyo wanavyozidi kukaa mbali. Siku hizi mila hiyo imelegea, wengine wanakula meza moja na wakwe zao huku wakiangalia televisheni, na hata wakati ule familia nyingine za kanisani zilishaiacha. Ya kwetu haikuiacha. Mzee alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mila, vyote kwa pamoja, na sijasikia kwamba viliwahi kumgombanisha moyoni.

Nilikuwa nampenda. Nalisema hili mapema maana yatakayofuata yanaweza kumfanya aonekane mkaidi. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alikuja hadi nyuma ya nyumba, akakohoa, akaacha kibuyu cha maziwa mgando chini ya mgomba na kwenda zake. Wakati wa masika njia yangu ya kwenda kazini, ile inayopanda kilima, ilikuwa inateleza vibaya, na mara kwa mara niliikuta imechimbwa ngazi mpya. Hakuna aliyeniambia ni nani kazichimba. Nililijua jembe lake kwa jinsi lilivyokata udongo.

Mganga wa kituo chetu cha afya, mtu wa pwani, Mwislamu mcheshi aliyekuwa akilalamikia baridi yetu mwaka mzima, hakuchoka kunitania. "Nesi, wewe unazalisha, unashona vichwa vya walevi, halafu mzee wa watu akikohoa unakimbia kama kuku aliyeona mwewe?" Nilimjibu kwamba kwao mtu anaoa binti wa mjomba wake, kwa hiyo hajui ukwe ni nini, na aendelee na chai yake. Tulicheka. Ulikuwa utani wa kila siku.

Kila nesi ana ugonjwa wake, ule ambao wenzake humwitia hata akiwa bafuni. Mwingine ni watoto wenye degedege, mwingine ni vidonda. Wangu ulikuwa tumbo. Chuoni tulifundishwa na mama mmoja mkali, mnene, mwenye mikono midogo ya ajabu, ambaye hakutaka kusikia maneno mengi. "Usiniambie mgonjwa kasema nini," alikuwa akitukaripia, "niambie tumbo limesema nini." Alitufundisha kupasha mikono moto kwanza kwa kuisugua, kumkunjisha mgonjwa magoti, na kuanza kugusa mbali na mahali panapouma. Na wakati mkono unabonyeza, macho yasikae tumboni. Yakae usoni, kwa sababu uso unasema kabla ya mdomo.

Tumbo la kujisokota tuliliona sana huku kwetu, hasa kwa wanaume waliokwisha kula chumvi kiasi. Mtu anashinda shambani na njaa, jioni anaenda msibani anakula sahani ya kushiba watatu, na kabla hakujacha tumbo limeanza kupanda. Haendi choo. Hatoi hewa hata kidogo. Ukiligonga tumbo kwa kidole linalia kama debe tupu. Ukimwahi, unamlaza kwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani, unapitisha mpira laini kwa njia ya haja kubwa, taratibu, ukiuzungusha zungusha, na ukifika pale utumbo ulipojifunga hewa inatoka kwa kishindo na mgonjwa analia kwa raha. Hajapona, bado lazima akapasuliwe, ila ameongezewa muda. Ukichelewa, utumbo unakosa damu na kufa ndani kwa ndani, na hapo huthubutu tena kupitisha mpira, maana unaweza kuutoboa utumbo. Mimi mpira ule nilikuwa naupitisha vizuri. Mganga mwenyewe aliniachia, akasema mkono wangu una subira ambayo wake hauna.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Tukuyu madukani kulijaa vitu ambavyo tukiwa wasichana tulivisikia redioni tu, biskuti za maboksi, redio kaseti, makoti ya mitumba yenye manyoya shingoni. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa, yenye vioo na taa. Kituoni kwetu, kabati lilibaki na harufu ya dawa kuliko dawa zenyewe. Ndugu wa mgonjwa tuliwaambia waje na glovu, waje na dripu, na walituangalia kana kwamba sisi ndio tulioviuza. Mpira wa kutolea hewa tulikuwa nao mmoja, mwekundu, uliochemshwa mpaka ukapoteza ulaini wake. Katika maduka yote yale yenye taa hakuna aliyekuwa akiuza mwingine. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini Mbeya na kuingia biashara ya mitumba Tunduma, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, watoto na wakwe.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mganga alikuwa amekwenda Tukuyu na gari la kituo kuchukua chanjo, na redio yetu ya mawasiliano haikuwa na betri. Wodini nilibaki mimi na mhudumu, mwanamume mpole aliyekuwa akifua mashuka, kusafisha vidonda na kuwashika wagonjwa wakishonwa. Nilikuwa dirishani nakunja bandeji nilipowaona wanaume wanapandisha machela, wamefunika mtu kwa turubai. Nikajiuliza ni wa wapi. Walipofika barazani nikakisikia kile kikohozi.

Cha kwanza kikavu. Cha pili hakikumalizika, kilikatikia njiani. Mtu amebebwa, amevimba, anaumwa vile, na bado alikumbuka kwamba mkwe wake anafanya kazi humu ndani na anahitaji muda wa kujificha.

Miguu ilinipeleka stoo kabla sijaamua chochote. Nilisimama katikati ya mashuka na ndoo za chokaa, nimejibanza kama mwizi, na huku nje nasikia mama mkwe akisalimia, "Ndaga, ndaga," na mhudumu akiuliza maswali ambayo siyo. Niliona aibu na hasira kwa pamoja. Nilikuwa nimevaa sare nyeupe na saa kifuani, mimi ndiye niliyeachiwa kituo, na nilikuwa nimejificha stoo.

Nikamwita mhudumu kwa kunong'ona. Nikamwambia amlaze mzee kitanda cha pembeni na aweke skrini, ile ya kitambaa cha kijani yenye magurudumu, kisha aniite. Nikatoka nikasimama nyuma ya skrini. Mama mkwe alikuja akanishika mkono. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kusema, lakini siku hiyo alisema kidogo tu.

"Mwanangu, baba yako tumbo limempanda. Tangu alipotoka msibani."

"Nimesikia, mama. Tutafanya kupitia kwa huyu kaka."

Nikaanza kuuguza kwa mdomo. Nilimwuliza mhudumu, mhudumu akamwuliza mzee, mzee akamjibu mhudumu, mhudumu akanijibu mimi, na kati yetu kilikuwepo kitambaa ambacho ungeweza kukitoboa kwa kidole. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, na kila mmoja alisubiri jibu lirudiwe kama hakulisikia. Maumivu yameanza lini? Jana jioni. Ametapika? Hapana, kichefuchefu tu. Limewahi kumtokea? Hapana.

Halafu likafika swali ambalo bila hilo hakuna nesi anayeweza kusema anajua tumbo. 

"Muulize mara ya mwisho kutoa hewa ni lini."

"Hewa gani, sista?"

"Unaijua, kaka. Muulize na choo pia."

 Mvua ilikuwa inapiga bati. Mhudumu aliuliza kwa sauti ya chini sana, kama vile mimi nisingesikia, na nikamsikia mzee anashusha pumzi. Kisha akasema kwa Kiswahili, wakati nyumbani alizungumza Kinyakyusa, akakisema kwa uangalifu wa mtu anayesoma barua ya kanisa: "Nimetoa asubuhi. Na choo nimepata."

"Anasema ametoa asubuhi," mhudumu akarudia.

Nilifurahi. Mungu anajua nilivyofurahi. Kama hewa imepita, utumbo haujafunga wote, na tunaweza kumsubiri mganga na gari. Nikamwelekeza mhudumu asugue mikono, aanze mbali na panapouma, abonyeze taratibu. "Likoje?" "Limejaa, sista." "Gumu au linabonyea?" "Linabonyea." "Likigongwa linaliaje?" Akagonga. Alikuwa anagonga kama anabisha hodi, sikusikia kitu cha maana. "Uso wake unafanyaje unapobonyeza?" Akajibu kwa mshangao kidogo, "Mzee amefumba macho, sista. Ametulia tu." Mwanamume wa makamo yale, mbele ya mke wake na sauti ya mkwe wake, ulitaka afanyeje na uso?

Dripu ilikuwepo moja, ya mgonjwa aliyeruhusiwa, na mhudumu hakujua kutafuta mshipa. Hapo mama mkwe aliingia kwa mzee wakaongea Kinyakyusa kwa muda, nikasikia anabembeleza. Hatimaye skrini ikasogezwa upana wa kiganja na mkono ukatolewa. Walikuwa wameufunga kwa kanga kuanzia begani, wakaacha sehemu ndogo tu ya kati, kati ya kiwiko na kifundo. Mama mkwe aliushikilia kama anashikilia mtoto wa mtu.

Ndivyo nilivyomgusa baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mkono wa jembe, mgumu, wenye kovu la panga karibu na kifundo. Nilipata mshipa mara moja na dripu ikaanza kushuka. Kisha, kwa mazoea tu, vidole vyangu vikatelezea chini ya kanga hadi kwenye mapigo, na vikaganda hapo.

Mapigo yalikuwa mbio, mepesi, ya kutafutwa. Ngozi ilikuwa baridi na mbichi kwa jasho. Mtu aliyetoa hewa asubuhi hana mkono kama ule. Nilisikia sauti ya yule mwalimu wetu mnene ikiniuliza tumbo limesema nini, na jibu sikuwa nalo, kwa sababu tumbo lenyewe sijaruhusiwa kuzungumza nalo.

"Kaka, lete mpira mwekundu," nikasema.

Nilimwelekeza kila hatua. Ubavu wa kushoto, magoti juu, mafuta ya kutosha, zungusha, usilazimishe. Mzee alikubali kufanyiwa na mwanamume, nashukuru kwa hilo. Mhudumu alijitahidi kwa roho yake yote. Lakini mpira ule mgumu ulihitaji kusikilizwa kwa vidole, urudi kidogo, uingie kidogo, na hilo huwezi kulifundisha kwa maneno nyuma ya pazia, kama usivyoweza kumfundisha mtu kusuka mkeka kwa kumpigia kelele. "Unarudi, sista." Jaribu tena. "Unajikunja ndani." Nikasikia mzee anaguna, mguno mmoja mfupi alioumeza, na nikamwambia mhudumu aache.

Nilikaa chini pale pale sakafuni, mgongo ukutani. Mikono yangu ilikuwa magotini, mizima, ina kazi yake inayoijua, na haikuwa na pa kwenda. Sijawahi kujiona si kitu kama siku ile.

Nikamwambia mama mkwe aende amwombe. Amwambie kwamba ni mimi tu ninayeweza kuupitisha, kwamba nitafunga macho nikitakiwa, kwamba hospitalini mtu ni mgonjwa na nesi ni nesi. Nilisema kwa nguvu, ili asikie mwenyewe. Mama mkwe aliingia, akakaa huko, akatoka anafuta uso kwa upindo wa kanga.

"Anasema ndaga fijo. Anashukuru sana. Anasema atamsubiri mganga."

"Mama, mganga anaweza asifike."

"Nimemwambia."

"Na amesemaje?"

"Amesema akipona atawezaje kula chakula chako."

 Ningemlazimisha? Watu waliombeba kwa machela walikuwa barazani, ndugu zake wote, na hata wasingekuwepo, ningemkamataje mzee mwenye akili timamu anayekataa kwa kushukuru? Wengine wamewahi kuniuliza kwa nini sikuivuta tu skrini. Wanauliza kwa urahisi sana. Niliivuta akilini mwangu mara nyingi mchana ule, nikiwa nimekaa sakafuni, na kila nilipoivuta nilimwona mzee anageuka ukutani kwa aibu, na misuli yote ya mwili inakaza, na mpira haupiti.

Tukasubiri. Mvua haikuwa na haraka. Mhudumu alikwenda barabarani mara kwa mara kuangalia kama gari linaonekana, akarudi ameloa. Mimi nilihesabu matone ya dripu na kusikiliza miguno iliyomezwa. Ajabu ni kwamba nilianza kuiombea iendelee. Tumbo linalouma bado liko hai.

Kisha ikakoma.

Mama mkwe alitoka nyuma ya skrini anatabasamu. Alikuwa ameinua mikono yake kidogo, kama wanavyofanya kanisani. "Amepata nafuu! Anasema maumivu yamekwisha kabisa. Hata tumbo anasema limelegea." Akakaa karibu nami, mwepesi, maneno yamemrudia, akaninong'oneza sikioni kwa kicheko kidogo kama mama anayemteta mumewe, "Na sasa ndio amesema kweli. Kumbe hewa hakutoa. Tangu jana! Nimemwuliza, mbona ulidanganya wewe mzee mzima? Ananiambia, ningesemaje, mwanamke, na mke wa mwanangu amesimama pale?"

Aliendelea kuongea. Sikuwa namsikia tena. Maumivu ya tumbo la kujisokota hayaishi yenyewe kwa dripu moja. Yakikatika ghafla namna ile, hakuna tena kinachoweza kuuma. Nilimwangalia mama mkwe anavyofurahi na nikakosa mahali pa kuyaanzia maneno.  Nadhani aliyasoma usoni mwangu, kwa sababu tabasamu lilimwondoka polepole, akasimama, akaishika skrini kwa mikono miwili na kuisukuma pembeni mwenyewe. Magurudumu yalilia.

"Ingia," akasema.

Niliingia. Mzee alinisikia. Kitu cha kwanza alichofanya, kwa mkono ule wenye sindano, alivuta blanketi. Hakuvuta kufunika tumbo lililokuwa wazi. Alilivuta juu, taratibu, akafunika uso wake. Basi akabaki hivyo, tumbo kwangu na uso gizani, na hicho ndicho alichoweza kunipa.

Nilisugua mikono. Nikaiweka tumboni. Lilikuwa gumu kama meza. Nilibonyeza mbali, nikabonyeza karibu, na sikuwa na uso wa kuangalia, lakini sikuuhitaji tena. Tumbo lilisema yote liliyotaka kusema, na lilikuwa limeshamaliza. Mpira mwekundu ulikuwa kwenye bakuli pembeni yangu, umepakwa mafuta, na sikuruhusiwa tena kuugusa. Safari hii kilichonikataza ni tumbo lenyewe.

Gari lilifika jioni, limejaa matope. Mganga aliingia na utani wake mdomoni, akaniona nimesimama kando ya kitanda kile, akavua kofia. Tulimpakia mzee tukamkimbiza Tukuyu. Mimi nilikaa nyuma pamoja na mama mkwe, dripu juu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili kwenye mapigo ya mzee, pale pale tulipokuwa tumeruhusiana. Blanketi lilibaki usoni. Kuna mahali barabara inapanda, migomba inaanza kuachia nafasi kwa chai, na hapo mapigo yaliniponyoka. Niliyatafuta. Nikayatafuta tena juu kidogo. Mama mkwe alikuwa ananiangalia, na nilipoacha kutafuta akaanza kulia kwa sauti ndogo, akimwita jina lake, lile ambalo mimi siruhusiwi kulitamka mpaka leo.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado sijapata wa kumkasirikia. Kuna wakati niliikasirikia mila, kisha nikazikumbuka zile ngazi kwenye kilima. Kuna wakati niliyakasirikia maduka yenye taa na kabati letu lenye harufu. Mganga alisema huenda hata upasuaji usingemwokoa, alisema hivyo kwa wema, na mimi ninayejua matumbo najua kwamba asubuhi ile, kwa mkono wangu, tumbo lile lingefunguka. Baba mkwe wangu alikufa kwa adabu. Hakuna dawa ya hiyo tuliyofundishwa chuoni.

Siku ya mazishi alilazwa uani, chini ya turubai, na watu wakapanga mstari kwenda kumuaga. Mume wangu alikuwa amefika kutoka Tunduma na macho mekundu. Mimi nilibaki jikoni na masufuria, mahali pangu. Wanawake walikwenda na kurudi wanajifuta. Ndipo mama mkwe alipokuja mlangoni, amefunga kanga kiunoni, sauti imemkauka.

"Nenda kamwangalie," akasema. "Leo hawezi kukukimbia."

Nilinawa mikono. Nilipita uani watu wakinipisha, wote wakijua ninakwenda kufanya nini. Nilipobakiza kama hatua mbili jeneza lilikuwa wazi, na nikaona ncha ya shuka jeupe, na miguu ikakataa. Miaka yote ile hakunijia hata siku moja bila kunipa muda.

Nikakohoa, mara mbili, kama alivyokuwa akinikoholea mimi. Nikasubiri kidogo. Halafu nikasogea nikamwona.